Nafasi ya Tormod Mezani

Kaka yangu Tormod hakuwahi kuchagua kitu maishani mwake, na watu wa kijiji chetu walimheshimu sana kwa sababu hiyo. Mimi sikuwa miongoni mwa waliomheshimu. Nilikuwa dada yake, tena jirani yake, uzio wake na wangu ulikuwa mmoja, na tabia yake hiyo mimi ndiye niliyekuwa nikiinywa na chai kila siku.

Ukimuuliza anataka supu au samaki, alijibu, "Chochote kilichopo." Ukimuuliza dume lipi la kondoo liuzwe, alisema Mungu mwenyewe atalionyesha. Kweli mwezi haukuisha, dume moja likatumbukia kwenye shimo tunakochimba mboji tunayoichoma badala ya kuni, likafa humo, naye akanigeukia akasema, "Umeona?" Nilitamani kumrushia kikombe.

Alipokuwa kijana, yeye na rafiki yake Angus walikubaliana waende Kanada. Asubuhi ya safari Tormod alikaa jikoni kwenye kiti, koti mwilini, sanduku limefungwa miguuni pake, akasema kama ameandikiwa kwenda basi atakwenda. Angus alipiga honi barabarani. Akapiga tena. Akapiga mara ya tatu kwa hasira, halafu gari likaondoka. Tormod akafungua sanduku, akarudisha mashati yake kabatini moja moja, akasema, "Basi haikupangwa." Mama alifurahi mpaka akalia. Mimi nilikuwa msichana wa shule, nikamtazama kaka yangu nikajiuliza, haikupangwa vipi na miguu anayo?

Alikuwa mfumaji. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na banda la mabati, na ndani mtambo wa kufumia unaoendeshwa kwa kukanyaga kama baiskeli. Ukipita njiani ulisikia taka-taka, taka-taka, kutwa nzima isipokuwa Jumapili. Kiwanda cha Stornoway, mji mkubwa wa kisiwa chetu, ndicho kilichochagua rangi. Gari lilileta nyuzi, na baadaye likaja kuchukua kitambaa. Nadhani ndiyo maana aliipenda kazi ile. Hata mistari ya kitambaa alikuwa akipangiwa.

Na mke pia alipangiwa, ila aliyempangia alikuwa mke mwenyewe. Kirsti alitoka upande wa pili wa kisiwa, akaja kupika kwenye shule yetu. Alikuwa mfupi, mwenye mashavu mekundu na kicheko ambacho ungekisikia ukiwa barabarani. Alimpenda Tormod, sijui kwa nini, na Tormod alimpenda, hilo hata ng'ombe walilijua. Wakatembea pamoja kutoka kanisani msimu baada ya msimu, na neno halitoki. Siku moja Kirsti akaingia bandani, akaweka kiganja chake juu ya kitambaa hata Tormod akalazimika kuacha kukanyaga. Nilikuwepo, nilikuwa nimempelekea kaka yangu chai.

"Tormod," akasema, "utanioa, au niolewe na yule wa posta?"

"Kama imepangwa, Kirsti..."

"Imepangwa. Nimepanga mimi. Jumatano, wiki ya tatu ya Oktoba. Mchungaji nimeshamwambia."

Tormod alimtazama, kisha akanitazama mimi kana kwamba nami nilikuwa kwenye njama. "Haya," akasema. Mpaka leo kijijini wanasema Tormod ndiye mwanamume pekee wa kisiwa hiki aliyeolewa.

Waliishi vizuri. Hawakupata watoto, na hilo nalo Tormod alisema lilipangwa, na Kirsti alilia peke yake kwenye zizi la kuku, ambako nilimkuta na kukaa naye. Lakini waliishi vizuri. Walikuwa na jambo moja tu katikati yao, na jambo hilo lilirudi kila Machi na kila Septemba.

Sisi tunaamini kwamba Mungu aliwachagua walio wake kabla hajaumba hata jiwe, na hakuna awezaye kujiongeza humo wala kujiondoa. Shida ni kujua kama umo. Ndiyo maana kanisani kwetu watu huja kila Jumapili tangu kubatizwa mpaka kuzikwa, lakini Meza ya Bwana inapoandaliwa, Machi na Septemba, wanaoikaribia ni wachache. Hao ni wale waliopata hakika moyoni, wakaenda mbele ya wazee wa kanisa siku ya Jumamosi, wakaulizwa, wakaeleza, wakapewa kibati kidogo cha kuingilia. Sisi wengine hukaa nyuma tukitazama. Anayekula mkate ule bila kuitwa anakula hukumu yake mwenyewe. Tumelisikia hilo tangu tukiwa watoto wadogo, na ukubwani hakuna hata mmoja anayelichezea.

Kirsti alikwenda mbele ya wazee mwaka wa tatu wa ndoa yao. Aliporudi nilimuuliza aliwaambia nini. "Wifi," akasema, "niliwaambia nampenda Yesu na sina zaidi ya hilo. Wakatazamana. Halafu Mzee Finlay akanipa kibati." Tangu siku hiyo, kila ibada ya Meza, yeye alikaa mbele kwenye ile meza ndefu yenye kitambaa cheupe, na mumewe akakaa benchi la mwisho karibu na mlango, kofia magotini.

Na watu wakazidi kumheshimu! Hakuna aliyeijua Biblia kama Tormod, hakuna aliyemsikia akitukana hata kidole chake kilipobanwa na mtambo. Kadiri alivyokaa mbali na Meza ndivyo walivyomwona mnyenyekevu. Vijana walisema, "Kama Tormod hathubutu, mimi ni nani?" Nao wakabaki nyuma pamoja naye. Mchungaji alipigana na hilo benchi la nyuma mpaka akastaafu.

Kila Jumamosi ya kabla ya Meza, Kirsti na Tormod walikaa jikoni kumenya viazi vya Jumapili, maana Jumapili kwetu kisu hakishikwi. Nyumba ilikuwa imejaa wageni wa kutoka vijiji vingine waliokuja kwa ibada, supu ya kondoo ikichemka, na mimi nikisaidia. Na kila mara, katikati ya viazi, bila kuinua uso, Kirsti aliuliza, "Kesho je, Tormod?"

"Sijapata ishara, Kirsti."

"Haya," alisema, akachukua kiazi kingine.

"Wifi," nilimwambia siku moja Tormod alipotoka, "mimi ningempiga mwiko wa kichwa."

"Nikimpiga atasema ilipangwa."

Tulicheka mpaka wageni wakachungulia. Lakini baada ya kicheko aliweka kisu chini, akajifuta macho, na nikaona si machozi ya kucheka. "Sipendi kukaa pale bila yeye," akasema. "Ninapokaa pale nageuka, namwona kule mlangoni, na ninajiuliza kama ndivyo itakavyokuwa hata baada ya kufa. Mimi huku, yeye kule. Unajua nisingefurahi, Murdina? Mbinguni. Mungu anisamehe, nisingefurahi."

Hayo alinieleza akiwa bado na nguvu. Nywele zetu zikaja kupata mvi sote watatu, na mwaka mmoja, mwezi wa Agosti, tumbo lilianza kumuuma Kirsti. Hospitali ya Stornoway ilimlaza, ikampima, ikamrudisha nyumbani akiwa na dawa za maumivu tu. Daktari kijana alizungumza taratibu na kwa heshima. Tormod akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Imepangwa," na Kirsti akafumba macho. Sijawahi kumchukia kaka yangu kama nilivyomchukia saa ile.

Septemba ikaja. Jumamosi ile viazi tulimenya mimi na Tormod. Kirsti alikuwa kitandani, tumekihamishia kitanda chake chumba cha karibu na jiko ili asikie watu. Mlango ulikuwa wazi.

"Tormod," akaita. "Kesho je?"

Kaka yangu akaacha kumenya. "Kirsti..."

"Sikuulizi kama umepata ishara. Najua hujapata. Nakuomba. Hii ni ya mwisho kwangu, na nataka ukae karibu nami mara moja. Basi."

 Nilimkanyaga mguu chini ya meza, naye akachukua kiazi kingine. Mchana akaja Mzee Finlay, wa siku nyingi katika wazee wa kanisa, akavua kofia mlangoni. Alikunywa chai, akaongea habari za kondoo na mvua, na alipoinuka akaweka kibati mezani mbele ya Tormod.

"Sikwenda mbele yenu, Mzee Finlay," Tormod akasema.

"Tunakujua. Hatutakuuliza kitu."

"Si sawa. Hampaswi kumpa mtu ambaye hajaeleza."

"Ndugu yangu, sisi ni wazee, si askari wa forodha. Chukua."

Jambo kama hilo halijawahi kutokea kwetu, si kwa ninavyojua. Kaka yangu alikichukua kibati, akakitia kwenye mfuko wa kizibao chake cha ndani ya koti. Kirsti alikiona kikiingia mfukoni. Alitabasamu kama msichana, na jioni ile alikula supu, kijiko baada ya kijiko, kwa mara ya kwanza katika wiki nzima.

Jumapili tulimvika gauni lake jeusi, likamning'inia. Tulimpeleka kwa gari la jirani, tukamkalisha benchi la mbele. Mchungaji mpya akahubiri, halafu akaizungushia Meza ua wake wa maneno, kama wanavyofanya siku zote: akataja mmoja baada ya mwingine wale wasiopaswa kuikaribia, na akawataja wanaopaswa, mpaka kila mtu akajiona yuko nje. Kisha mwimbishaji akainua zaburi, akaimba mstari peke yake, na watu wakaupokea, na wenye vibati wakaanza kuinuka huku na huku.

Kirsti alisimama, akayumba. Tormod akatoka benchi lake la mlangoni, akaja na njia ya katikati kwa hatua zake nzito, akampa mkono. Sauti ziliendelea kuimba lakini nakwambia kanisa zima lilikuwa limeacha kupumua. Walitembea. Walifika. Mzee Finlay alikuwa amesimama mwanzo wa meza akipokea vibati. Kirsti akatoa chake. Akaingia, akakaa, akasogea upande kidogo, akakusanya gauni lake, na akaweka kiganja juu ya kitambaa cheupe pale alipomwachia mumewe nafasi.

Tormod alisimama pale mkono mmoja mfukoni. Niliona shingo yake ikijaa damu. Mstari mmoja wa zaburi ukapita, ukapita na wa pili. Ndipo akageuka, akarudi njia ile ile mpaka benchi lake la mlangoni, akakaa, akaweka kofia magotini.

Kirsti hakugeuka. Wala hakusogea kuiziba ile nafasi. Kwetu mkate hupita mkono kwa mkono mezani. Ulipomfikia alimega, akala, akageukia upande wa Tormod kwa mazoea ya moyo wake, na hakukuwa na mtu. Alibaki ameshika sahani hewani mpaka Mzee Finlay alipozunguka nyuma akaipokea. Nililia kwa sauti. Mimi Murdina, ambaye siku ya kumzika mama sikutoa chozi mbele za watu.

Tulipofika nyumbani na kumlaza, nilimfuata kaka yangu jikoni, nikafunga mlango.

"Wewe ni mtu gani?" nikamwambia. "Kibati unacho! Mlango umefunguliwa! Hata Mzee Finlay amekuinamia! Umemwaibisha mkeo mbele ya kanisa zima, mkeo anayekufa, kwa ajili ya nini? Malaika ashuke na tarumbeta?"

"Punguza sauti, Murdina."

"Sipunguzi."

Alikaa. Alikuwa amevaa koti bado. "Unamkumbuka baba?" akauliza.

Swali gani hilo. Baba alikufa nikiwa mchanga wa kunyonya. Wanaume wa kijiji walikuwa wakienda kukata manyoya ya kondoo kwenye kile kisiwa kidogo mbele ya ghuba, mashua ikapinduka wakati wa kurudi. Wenzake waliogelea au walishika makasia. Baba hakuonekana tena. Hayo niliyajua. Sikujua kingine.

"Asubuhi ile hakuwa na nia ya kwenda," Tormod akasema. "Mgongo ulikuwa ukimuuma. Alisimama mlangoni pale, mimi nikiwa nakula uji. Nilikuwa na miaka kumi. Akaniuliza kwa utani, unajua alivyokuwa, wanasema alikuwa mtu wa utani: 'Haya bwana mkubwa wa nyumba, uamuzi ni wako. Niende au nikae?' Nami nilitaka aniletee mayai ya ndege wa baharini. Nikasema, 'Nenda.' Akanipigia saluti, akaenda."

Nikavuta kiti, nikakaa mbele yake.

"Walipokuja kutuambia, nilipiga kelele kwamba ni mimi. Nilijificha chini ya kitanda siku nzima. Wazee walinivuta miguu wakanitoa, wakanikalisha, wakaniambia, 'Mtoto, si neno lako. Lilikuwa limepangwa kabla ya dunia kuwapo. Hata ungesema kaa, angekwenda.' Wakarudia na kurudia mpaka nikalala. Neno hilo ndilo lililonilea, Murdina. Nimelishika tangu siku ile. Sasa niambie. Kama leo naweza tu kukaa pale, kwa sababu nimetaka, bila kuitwa, kwa kupiga hatua moja, basi na siku ile..." Alisita. "Basi na siku ile ningeweza kusema kaa."

Ndipo nilipomwelewa kaka yangu, na nilikuwa nimeshazeeka. Kiti cha jikoni na honi ya Angus, dume la kondoo, "chochote kilichopo". Nilidhani ni uvivu wa moyo. Kumbe maisha yake yote alikuwa yule mtoto wa chini ya kitanda, hataki kutamka neno lingine lenye uzito, asije akamuua mtu.

"Kirsti anajua?" nikauliza.

"Nilimwambia usiku wa harusi."

Nikaenda chumbani. Kirsti alikuwa macho, na ukuta ule ni mwembamba. "Usimgombeze zaidi," akasema. "Alikuja mpaka pale, wifi. Ulimwona? Alikuja mpaka pale." Nikasema ndiyo, nilimwona. "Mwambie nafasi ni yake. Sikumruhusu mtu kuikalia."

Alikufa Novemba, mchana, mvua ikipiga dirisha kutoka baharini. Tormod alimshika mkono mpaka ukapoa, na watu walipokuja kukaa na mfiwa, wakijaza nyumba kama tunavyofanya, wakamwambia lile neno. Lilikuwa limepangwa, Tormod. Ni mapenzi Yake, Tormod. Aliwashukuru mmoja mmoja. Yeye mwenyewe hakulitamka, nami nililitambua hilo, maana nilikuwa nimekaa nikilisubiri ili nimchukie tena.

Majira yale ya baridi hakufuma sana. Gari la kiwanda lilikuja, likakuta kitambaa kimeishia nusu. Nilimpelekea chakula. Siku moja nikamuuliza, "Samaki au supu?" nikiwa nimeshageuka kuelekea sufuria, maana jibu nilikuwa nalijua.

"Samaki," akasema.

Nikasimama na mwiko mkononi kama mjinga.

Machi, Jumamosi ya Meza, alivaa koti lake zuri, akaenda kwa wazee. Yaliyosemwa humo nilisimuliwa na Mzee Finlay, ambaye hakupaswa kunisimulia. Walimuuliza amepata ishara gani ya neema. Akasema hana. Walimuuliza kama kuna neno la Maandiko lililomjia kwa nguvu. Akasema hapana, halijamjia. Mmoja wao, mtu mgumu, akamuuliza, "Basi umekuja kwa nini?" Tormod akatoa kibati cha Septemba, akakiweka mbele yao. "Kirsti aliniomba," akasema, "na ninataka."  Halafu Mzee Finlay akakisukuma kibati kumrudishia kwa kidole kimoja.

Jumapili mwimbishaji alipoinua zaburi, Tormod aliinuka kutoka benchi la mlangoni. Nilikuwa nimeuma leso. Alikwenda na njia ya katikati, akatoa kibati, akaingia, akakaa. Kisha akasogea upande. Akaacha nafasi ya mtu mmoja, mtu mfupi, na akaweka kiganja chake kikubwa juu ya kitambaa cheupe. Mkate ulipomfikia alimega, akala. Akageukia ile nafasi, sahani mkononi, akakaa hivyo kidogo, akiwa ameinamisha kichwa. Mzee Finlay alikuja kuipokea bila haraka.

Baadaye jikoni kwake nilimpakulia viazi tulivyomenya jana yake. Nilikuwa na furaha, sitaficha. Nilidhani tumefika.

"Kwa hiyo?" nikasema. "Umeonaje?"

"Ni karibu, Murdina," akasema. "Toka benchi langu mpaka pale. Mimi nilidhani ni mbali."

"Kirsti angefurahi."

Akatikisa kichwa, akaweka uma chini. "Basi ni mimi niliyemwambia baba aende."

Neno lilinijia mdomoni lenyewe, lile walilomnywesha akiwa na miaka kumi, limekaa tayari kwenye ulimi wangu kama lilivyo kwenye ndimi zetu sote. Nilimtazama. Macho yake yalikuwa yananisihi nisilitoe. Nikalimeza.

"Ndiyo," nikasema. "Ulisema nenda. Ulikuwa mtoto."

"Nilikuwa mtoto," akakubali. Akalia, bila kujificha, mikono yake mezani, na nikaishika. Alilia kwa ajili ya baba, nadhani ilikuwa mara ya kwanza. Nikafikiri yatakwisha, atajifuta, atakula. Akainua uso.

"Lakini Septemba," akasema, "sikuwa mtoto."

 Nilikaa naye, viazi vikapoa.